Mkono Uliotangulia Mpira

Kama umekaa kwenye benchi la kliniki ya kifua, na pembeni yako kuna mtu anayekohoa ndani ya kanga, sogea kidogo nikae. Benchi hilo nalijua. Siandiki haya ili nikupe moyo, maana moyo wa kupewa huisha kabla hujafika nyumbani. Naandika kwa sababu nilipougua hakuna aliyeniambia mambo yatakavyokuwa, na yale niliyoambiwa hayakuwa hayo.

Kwanza ujue ugonjwa ulimkuta nani. Naitwa Hamisa. Nilizaliwa Kilwa, nikaletwa Kariakoo mgongoni, nikakulia Mtaa wa Sikukuu katika nyumba ya wapangaji wengi. Chumba chetu kilikuwa kimoja: mimi, mama, na mdogo wangu Tatu. Mama aliuza dagaa na ng'onda, samaki wa kukaushwa, sokoni. Mimi nilikuwa karani katika bohari moja ya umma, na jioni nilicheza mpira wa meza kwenye ukumbi wa jamii upande wa Mnazi Mmoja.

Nilicheza vizuri. Sioni haya kusema, maana sasa sina cha kushindania. Wanaume wa ukumbi ule waliniita Mchawi, kwa sababu mpira ulipotua mimi nilikuwa nimeshafika. Nasoro, fundi cherehani wa Mtaa wa Kongo, ndiye aliyekuwa mshindani wangu wa kila jioni, na aliapa kwamba nasoma mawazo yake. Alisema hata yeye hajaamua apige wapi, mimi nimeshakaa kona ninamsubiri. Nilikuwa nacheka tu. Mimi mwenyewe sikujua nafanyaje.

Siku moja mwalimu wetu, mzee Kondo, akataka kulichimba jambo hilo. Alimwambia Nasoro apige bila mpira, hewa tupu, nami nicheze kama kawaida. Nasoro akazungusha mkono, miguu yangu ikaenda kushoto. Akazungusha tena, nikaenda kulia. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, mtu mzima anakimbizana na mpira ambao haupo. Kisha mzee Kondo akawapa wasichana wawili kanga waitandaze mbele ya Nasoro, imfiche mwili wote, wakiacha upenyo mdogo tu juu ya wavu mpira upite. Sasa niliuona mpira vizuri kabisa, na sikuupata hata mmoja. Nilikuwa kama mtu aliyeshika raketi kwa mara ya kwanza.

Hapo ndipo tulipojua kwamba siku zote sikuwa nauangalia mpira. Nilikuwa nikimwangalia mtu, bega lake, nyonga, kiwiko. Hata hivyo kusema nilimwangalia ni kujisifu. Macho yaliyachukua mambo yenyewe, yakaipa miguu, na mimi mwenye mwili nikawa wa mwisho kupata habari. Jioni iliyofuata nilijaribu kulitazama bega la Nasoro kwa makusudi, nikacheza ovyo hadi mzee Kondo akakasirika. Aliniambia niache kujichunguza, nicheze.

Mwaka ule ule nikachaguliwa kuingia timu ya mkoa. Tulikuwa tusafiri baada ya masika kwenda kushindana bara. Nilikuwa sijawahi kupanda treni. Nililala nikiliwaza behewa, naamka nikiliwaza.

Masika yakaja na kikohozi. Nilidhani ni mafua ya mvua, kama kila mtu. Nikanywa maji ya tangawizi, nikapakwa mafuta ya nazi kifuani, nikaenda kazini. Baadaye nguo zangu zikaanza kunikimbia. Sketi ya kazini niliifunga kwa pini, kisha kwa pini mbili. Usiku nilitoka jasho hadi Tatu, tuliyelala naye kitanda kimoja, akahamia mkekani. Nilikuwa nakwenda na kikohozi hicho hivyohivyo mpaka mezani, nacheza, nashinda, nakwenda uani kukohoa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na leso nyeupe, siku nilipoitoa mdomoni mbele ya Nasoro ikiwa nyekundu.

Kifua kikuu. Daktari aliyesema hivyo alikuwa na haraka, foleni ilikuwa imefika mlangoni, lakini alisema taratibu na akarudia. Ningechomwa sindano kila siku asubuhi, kisha ningemeza vidonge kwa muda mrefu, na nisiache hata nikijisikia mzima. Nikamwuliza kuhusu safari ya timu. Akanitazama kama niliyemwuliza habari za harusi msibani.

Nyumba ya wapangaji haina siri. Kabla ya jua kuzama, kikombe changu kilikuwa kimetengwa, na kata ya mtungi wa uani nikaambiwa kwa upole nisiiguse. Tatu akapelekwa Temeke kwa mjomba. Hakutaka kwenda. Alishika mguu wa kitanda akalia, na mimi sikuweza kumkumbatia, nikabaki nimesimama dirishani nimeziba mdomo. Wateja wa mama nao wakaanza kununua dagaa kwa jirani yake. Hakuna aliyesema kwa nini. Walimsalimia vizuri, wakamwulizia mgonjwa, wakapita.

Mama ndiye aliyenipeleka sindano kila asubuhi kabla hajaenda sokoni. Nitakueleza kile chumba, maana ndicho utakachokiota. Kuna sufuria ya kuchemshia sindano, na mvuke wake unanuka chuma na spiriti. Kuna benchi refu, tunasogea kwa makalio, kila anayeingia kuchomwa anatupunguza, kila anayetoka anatoka akichechemea. Tulitaniana humo. Mzee mmoja kuli wa bandarini, aliyekuwa amebaki mifupa, alituuliza kila siku kama leo ni zamu ya kulia au ya kushoto, maana makalio yenyewe yalikuwa yamebaki jina. Tulicheka tukakohoa, tukakohoa tukacheka. Siku moja hakuja, na kesho yake pia. Hakuna aliyeuliza, tukasogea tu kuziba nafasi yake.

Mwuguzi wetu alikuwa Sista Filomena, mtu wa kutoka Songea, mkono mwepesi. Sindano zilipokuwa zimeshika kasi na homa ya jioni imeanza kunipungukia, masikio yangu yakaanza kulia. Sauti nyembamba ya nyenze, mchana na usiku. Halafu ardhi ikaanza kunichezea. Nilipotoka kitandani chumba kilichelewa kutulia. Nilishika ukuta, nikajiambia ni udhaifu, maana chakula chenyewe wakati ule kilikuwa unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, wa foleni, na mchuzi wa ng'onda zilizokosa mnunuzi.

Sista Filomena alikuwa na desturi ya kutuuliza masikio yetu yanaendeleaje. Aliniuliza asubuhi moja mama akiwa amesimama mlangoni. Kabla sijafungua mdomo mama akaingia kati.

"Masikio yake hayana kitu, mwanangu," alimwambia. "Ni njaa tu. Usimpunguzie sindano."

Lazima nikueleze hapa, la sivyo utamhukumu. Kwetu sisi dawa ni sindano. Kidonge ni cha kichwa. Ukienda hospitali ukarudi na vidonge vitupu, majirani watakuuliza kwa hiyo hawakukutibu? Mama alikuwa amesikia benchini kwamba anayelalamika masikio huondolewa sindano, akabaki na vidonge. Akaelewa kwamba ndivyo hospitali inavyomwacha mtu afe kwa adabu. Na mimi alikuwa ameniona nikitema damu, akaniona naanza kupona, na kati ya yale mawili hakuona kingine kilichoingia ila ile sindano. Sista alinigeukia mimi. Nilikuwa nimechoka, na mama alikuwa amejibu. Katika nyumba zetu mama akishajibu, mtoto hana la kuongeza. Nikageuka, nikainua kanga, nikachomwa.

Kwa hiyo wewe, masikio yakilia, sema siku hiyohiyo. Useme kwa mdomo wako, na dawa usiache mwenyewe. Waachie wao wabadilishe.

Sindano zikaisha. Kifua kikakauka. Walipopima makohozi wakasema ni safi, na mama akafanya maulidi madogo uani, na wale wale walioficha kata wakaja kula pilau. Tatu akarudi. Kila mtu alisema nimepona. Nami nilikaa katikati ya ile furaha nikiwa nimeshika mkeka kwa mikono miwili, kwa sababu kila nilipogeuza kichwa, uani pote palifuata nyuma kwa kuchelewa, pakaruka, ndipo pakatulia.

Sijui nikuelezeje. Ukitembea, dunia inakaa kimya. Wewe unapiga hatua, nyumba ziko palepale. Kwangu mimi kila hatua iliruka na nyumba zake. Maandishi ya dukani yalidunda. Nyuso zilidunda. Ili nimtambue mtu ilinibidi nisimame kabisa, na Kariakoo ukisimama ghafla utasukumwa. Nikawapita watu wazima bila kuwaamkia, wakasema binti wa muuza ng'onda amepona na maringo. Taa ikizimika nilianguka palepale, kwani macho tu ndiyo yaliyokuwa yananishikilia. Siku ya foleni ya sukari, kwenye duka la ushirika, mtu aliniita kwa nyuma, nikageuka haraka, nikaangukia miguu ya watu. Wakasema nimelewa gongo asubuhi. Balozi wa nyumba kumi akaletwa, mtu aliyenijua tangu natambaa, akainama akaninusa mdomo mbele ya foleni nzima. Hakukuta kitu. Aliona haya kuliko mimi, akaninunulia sukari yangu mwenyewe bila foleni, na hilo watu walilisema pia.

Hisani ndogo zilikuwepo, sitazinyima haki yake. Kulikuwa na mchukuzi mmoja wa sokoni, jina lake sikuwahi kulijua, aliyenikuta nimeganda katikati ya barabara. Hakuniuliza kitu. Aliniambia nishike nyuma ya mkokoteni wake, akanivusha mpaka Mtaa wa Sikukuu, akipiga kelele za kuomba njia kana kwamba mimi ni sehemu ya mzigo. Baada ya hapo kila aliponiona alipunguza mwendo, nikashika.

Lakini mimi nilikuwa na jambo moja tu moyoni. Timu ilikuwa imeshasafiri bila mimi na kurudi, na mzee Kondo alikuwa ametuma salamu kwamba nafasi yangu mwakani ipo. Nilijiambia watembee wao vizuri, mimi nataka meza tu. Pale mezani pana hatua chache. Pale mwili wangu ulikuwa unajua mambo bila kuniuliza. Nilidhani kile kilichojua bila kufundishwa kisingeweza kuugua.

Nilirudi ukumbini kipupwe, upepo wa kusi ukipuliza madirisha. Nasoro alifurahi, akakimbilia mezani. Akaanzisha. Na walahi, mguu wangu ulikwenda! Aliponyanyua bega tu, mguu wangu wa kushoto ulikuwa umeshaondoka kuelekea kona, kama zamani, kabla sijawaza lolote. Nilifurahi kwa kitambo kidogo kuliko kupepesa jicho. Kisha kichwa kikafuata mguu, na meza ikaruka, wavu ukawa nyavu mbili, mpira ukapotea mahali fulani kati yake, nikapiga hewa na nyonga yangu ikagonga kona ya meza.

Tulijaribu tena. Nilikwenda wiki baada ya wiki, kipupwe chote, hadi vuli ikaanza kunyesha. Nilijaribu kukaza shingo. Nilijaribu kufumba jicho moja. Nilijifunga kanga kiunoni, Tatu akaishika kwa nyuma nisianguke, nikicheza kama mbuzi wa kamba. Kila mara ilikuwa vilevile. Mwili ulijua, ukaondoka, na kwa kuondoka ukaniharibia. Nikiuzuia usiende, nilibaki nimesimama nikiuona mpira ukipita pale nilipojua utapita. Kukosa kwa kutojua si kitu, kila mtu hukosa. Mimi nilikuwa nakosa nikijua.

Halafu Nasoro akaanza kunipigia taratibu. Aliuleta mpira juujuu, kifuani kwangu, kama anavyochezewa mtoto. Nikaiweka raketi mezani, nikamwambia asinipe sadaka. Akasema hakukusudia. Nikamwambia najua alichokusudia tangu hajakusudia, hilo ndilo balaa langu. Sikurudi ukumbini kwa muda mrefu.

Zile ndizo siku mbaya kuliko za damu. Wakati wa damu nilikuwa na kitu cha kusubiri. Sasa nilikuwa mzima, cheti kinasema mzima, na bohari walishampa mtu mwingine meza yangu kwa sababu nilikuwa nachapa mistari juu ya mistari. Nililala nimegeukia ukuta. Nilimwambia Mungu, kwa sauti, Tatu akinisikia, kwamba kama alitaka kunichukua angenichukua na kifua changu kibovu, nikiwa bado Mchawi. Tatu akamwambia mama. Mama hakunigombeza. Alikaa ukingoni mwa kitanda akanishika kisigino, akakaa hivyo mpaka adhana.

Kesho yake alinipeleka hospitali kwa nguvu. Daktari alikuwa mwingine, kijana. Alinisimamisha, akanifumba macho, akanidaka. Akanigeuza kichwa huku na huku akinitazama machoni. Kisha akaniuliza kama masikio yalilia wakati wa sindano. Nikasema yalilia. Akauliza kama nilimwambia mtu.

Mama alikuwa kwenye kiti nyuma yangu, na nilisikia bangili zake.

Daktari alisema sindano zimeua kile kinachoshika mizani ya mwili ndani ya masikio yangu, na hakitarudi. Alisema mwili utajifunza njia nyingine ya kusimama, polepole, nitembee sana nisikae. Kuhusu mchezo hakusema, na sikumwuliza. Tulirudi kwa miguu. Mama alinishika mkono njia nzima, na tulipofika Mnazi Mmoja alisimama, akatazama lile jengo la ukumbi ambalo kwa miaka yote ile hakuwahi kuingia. Kwake yeye mpira ulikuwa ni kupoteza viatu. Akasema anataka kuona huo mchezo wenyewe ulivyo.

Walikuwepo. Nasoro alikuwa anacheza na msichana aliyechukua nafasi yangu timuni, binti wa Kichaga mwenye miguu mizuri. Mzee Kondo alituletea viti viwili, akamwamkia mama kwa heshima, akaondoka. Tukakaa. Ukikaa kichwa kimetulia, dunia yangu inakaa pia, hiyo ni hisani nyingine. Niliiona meza yote, imetulia tuli, kwa mara ya kwanza tangu nirudi.

Mama alikuwa bado amenishika mkono, ameuweka pajani kwake. Sikujua unafanya nini. Yeye ndiye aliyegundua. Alitazama chini kwenye mkono, akatazama meza, akatazama chini tena.

"Hamisa, mbona mkono wako unakwenda kabla ya mpira?"

Nikatazama. Ulikuwa unatikisika kidogo tu, kushoto, kulia, chini, mfupi, mrefu. Na kila ulipokwenda, mpira ulifuata ukatua huko, upande wa yule binti. Nilipoutazama ukasimama. Nilipoacha kuutazama, ukaanza tena.

Nikamweleza mama, kwa mara ya kwanza, kile nilichokuwa nacho. Nilimwambia kwamba hivi ndivyo nilivyokuwa, mwili mzima, na kwamba hakijafa. Kimebaki humu ndani kizima, ila sasa hakina miguu ya kukibeba, wala hakitapata tena. Nilisema hayo bila kulia. Nilikuwa nimeshalia yote.

Mama aliendelea kutazama mchezo. Alipozungumza hakunigeukia.

"Yule sista alikuuliza wewe, nikajibu mimi. Niambie kweli, mwanangu. Nilikuponya au nilikuua?"

Wewe uliyeko benchini, siku hii ipo mbele yako pia, kwa namna yake. Atakuwepo mtu aliyekupenda vibaya, na atakuuliza. Nilikuwa nayo maneno ya kumpoza. Ningesema ni kazi ya Mungu, naye angejifanya ameamini, na tungeishi hivyo chumba kimoja mpaka mmoja azikwe. Nilimtazama ubavu wa uso wake, jinsi alivyokonda mwaka ule akinilisha mimi.

"Yote mawili, mama," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei aliyokwisha kuijua. Machozi yalimshuka na hakuyafuta, kwa sababu kufuta kungemlazimu aniachie. Hakuniachia. Upande wa pili wa ukumbi Nasoro akanyanyua bega, na mkono wangu, ndani ya mkono wa mama, ukatangulia.